Mwigizaji, Mtayarishaji na Mwenye Filamu: Istilahi Zetu za Sinema Katika Kipimo cha Maisha ya Ida Lupino



1.0 Utangulizi

 Huenda baadhi yenu, mlipoliona jina la Ida Lupino katika anwani ya mhadhara huu, mlijiuliza mwanamke huyu, mzaliwa wa London aliyefanya kazi Hollywood, anahusiana vipi na taaluma za Kiswahili. Swali hilo ni la haki, na sitadai kwamba alikuwa na uhusiano wowote na lugha yetu. Nimemchagua kwa sababu maisha yake ya kazi yanatupatia kipimo kizuri.

Istilahi ikiwa katika orodha huonekana timamu. Upande mmoja lipo neno la kigeni, upande wa pili lipo neno letu, na msomaji huridhika. Upungufu hujitokeza pale istilahi inapotakiwa kusimulia jambo lililotokea kweli, lenye watu, fedha, ugomvi na hasara. Katika mhadhara huu nitachukua istilahi chache za sinema zilizozoeleka, yaani mwigizaji, mwongozaji, mtayarishaji na msambazaji, nizitumie kusimulia kazi ya mwanamke mmoja aliyepitia nafasi karibu zote hizo. Kisha tutaangalia ni wapi maneno yetu yametosha na ni wapi yametuangusha. Hoja yangu ni kwamba neno "mtayarishaji" linataja kazi na kuacha mali, na kwamba pengo hilo lina gharama kwa wale wanaotengeneza filamu kwa Kiswahili.

2.0 Neno "mtayarishaji" na safari yake

Tuanze na umbo la neno. Shina lake ni "tayari", ambalo kwa kuambishwa hutupatia kitenzi "tayarisha", yaani kufanya kitu kiwe tayari. Kiambishi awali m- na kiambishi tamati -aji hukamilisha nomino ya mtenda. Wanafunzi wa mofolojia wanafahamu kwamba tamati -aji hukazia tendo lenyewe na mazoea ya kulitenda, ilhali tamati -i mara nyingi hubeba hadhi au cheo kilichokwisha kutambuliwa. Ndiyo maana "msomaji" si sawa na "msomi", wala "mpikaji" si sawa na "mpishi". Kutokana na kitenzi "ongoza" tunapata "mwongozaji" na pia "kiongozi", na hakuna anayechanganya wawili hao. Kwa hiyo "mtayarishaji", kwa umbo lake, ni mtu anayetazamwa akiwa kazini. Umbo hilo halisemi chochote kuhusu nani anamiliki kile kilichotayarishwa.

Tuje kwenye matumizi. Kabla ya kulisikia katika filamu, masikio yetu yalikuwa yamelizoea neno hili redioni. Mtayarishaji wa kipindi ni yule anayekusanya habari, anayepanga sauti na muziki, na anayehakikisha kwamba saa ikifika kipindi kipo. Kipindi si chake. Ni cha kituo, naye ni mwajiriwa. Hali ilikuwa hiyo hiyo katika filamu za Tanzania kwa miaka mingi. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968 ikiwa chombo cha umma, na filamu zilizotoka humo zilikuwa mali ya umma. Nadhani hapa ndipo penye mzizi wa tatizo letu. Neno lilikomaa katika kipindi ambacho swali la nani mwenye filamu lilikuwa limekwisha kujibiwa na mfumo wa nchi, kwa hiyo hapakuwa na haja ya neno kulibeba.

Baadaye likaja neno mkopo "prodyuza", nalo likashika zaidi katika muziki wa kizazi kipya. Kwa vijana, prodyuza ni fundi wa studio anayetengeneza mdundo na kurekodi sauti. Matokeo yake ni kwamba leo tunayo maneno mawili kwa cheo kimoja. Moja limetoka redioni na la pili limetoka studio ya muziki, na yote mawili yanatuelekeza kwenye ufundi. Tuyachukue maneno haya sasa tuyapime.

3.0 Ida Lupino: kutoka uigizaji hadi kampuni

3.1 Mwigizaji wa mkataba

Ida Lupino alizaliwa London tarehe 4 Februari 1918 katika ukoo wa watu wa jukwaani. Baba yake, Stanley Lupino, alikuwa mchekeshaji mashuhuri, na mama yake, Connie Emerald, alikuwa mwigizaji. Aliingia katika filamu za Uingereza akiwa binti mdogo, na mwaka 1933 alichukuliwa Hollywood na kampuni ya Paramount. Mwaka uliofuata alipatwa na polio. Alipona, lakini ugonjwa huo ulibaki katika fikra zake na baadaye ukawa kiini cha mojawapo ya filamu zake.

Jina lake lilipaa baada ya kuingia Warner Bros. Aliigiza katika They Drive by Night (1940) na High Sierra (1941), ambayo jina lake lilitangulia la Humphrey Bogart katika orodha ya waigizaji. Kwa kazi yake katika The Hard Way (1943) alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa kike na wahakiki wa filamu wa New York. Pamoja na sifa hizo alizoea kujiita kwa mzaha Bette Davis wa mafukara, kwa kuwa mara nyingi alipewa sehemu ambazo Davis alikuwa amezikataa.

Mfumo wa wakati ule ulikuwa wa mikataba ya miaka mingi. Kampuni ilichagua filamu, na mwigizaji aliyekataa sehemu aliyopangiwa alisimamishwa bila mshahara wala ruhusa ya kufanya kazi kwingine. Muda huo wa kusimamishwa uliongezwa mwishoni mwa mkataba, mpaka mahakama ya California ilipozuia desturi hiyo mwaka 1944 katika kesi ya Olivia de Havilland. Lupino alisimamishwa zaidi ya mara moja. Siku hizo hakuzipoteza. Alizitumia kuangalia jinsi waongozaji na wahariri wa filamu walivyofanya kazi, na mwaka 1947 aliondoka Warner.

Mpaka hapa Kiswahili chetu hakijapata taabu. Neno "mwigizaji" linamtosha, maana kweli alikuwa akitenda na hakuwa akimiliki.

3.2 Kampuni

Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kampuni kubwa za filamu haziwezi kuendelea kuhodhi utengenezaji, usambazaji na majumba ya sinema kwa pamoja. Uamuzi huo uliacha mwanya kwa watengenezaji wadogo. Wakati huo Lupino na mumewe wa pili, Collier Young, waliungana na Anson Bond katika kampuni ndogo iliyoitwa Emerald, jina la mama yake. Filamu yao ilikuwa Not Wanted (1949), inayohusu msichana aliyepata mimba bila ndoa. Lupino alishiriki kuandika mswada na kuitayarisha. Siku chache baada ya upigaji picha kuanza, mwongozaji Elmer Clifton alishikwa na ugonjwa wa moyo. Fedha ya kumlipa mwongozaji mwingine haikuwepo. Lupino akaongoza filamu karibu yote, na hata hivyo jina lililoandikwa katika nafasi ya mwongozaji lilibaki la Clifton.

Ndipo wakaunda kampuni iliyoitwa The Filmakers, ya Lupino, Young na mwandishi Malvin Wald. Nia yao ilikuwa kutengeneza filamu za gharama ndogo juu ya mambo ambayo kampuni kubwa ziliyaogopa, tena kwa kutumia waigizaji wapya na mahali halisi badala ya mandhari za kujengwa. Never Fear ilimhusu mcheza dansi aliyepatwa na polio, na sehemu yake ilipigwa katika taasisi ya tiba pamoja na wagonjwa wenyewe. Zikafuata Outrage (1950), Hard, Fast and Beautiful (1951), na mwaka 1953 The Hitch-Hiker na The Bigamist. Katika miaka hiyo Lupino alikuwa karibu peke yake miongoni mwa wanawake walioongoza filamu Hollywood. Alikuwa mwanamke wa pili kuingia katika chama cha waongozaji, baada ya Dorothy Arzner.

3.3 Neno lisilotamkwa

Kwa hadhira ya wanaisimu, Outrage inastahili kusimamiwa kidogo. Filamu hiyo inamhusu msichana mfanyakazi wa ofisini anayebakwa usiku akirudi nyumbani, na namna maisha yake yanavyovunjika baadaye. Hata hivyo neno lenyewe la kubakwa halitamkwi hata mara moja. Kanuni za maadili zilizosimamia filamu za Hollywood hazikuliruhusu. Wahusika wanasema kwamba msichana ameshambuliwa, na mtazamaji analazimika kulijaza pengo mwenyewe.

Sisi tunaifahamu vizuri hali hiyo. Kiswahili kimejaa tafsida katika eneo hili. Tunasema mtu "ameharibiwa", "ameingiliwa" au "amefanyiwa kitendo", na kila tafsida huhamisha kidogo uzito wa kosa kutoka kwa mtenda kwenda kwa mtendwa, hasa kwa kuwa kauli ya kutendwa hutuwezesha kumwacha mtenda bila kutajwa. Lupino aliugeuza ukimya uliolazimishwa kuwa mada. Mji mzima katika filamu hiyo unamtazama msichana, unamnong'ona, na hakuna anayelisema jambo kwa jina lake. Ukimya wa mwanamke umebeba hadithi katika sinema yetu pia. Katika Maangamizi (2001), iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, Amandina Lihamba anaigiza mwanamke aitwaye Samehe ambaye kwa miaka mingi hajasema neno.

Ninalotaka tulishike ni hili. Mwigizaji hupewa maneno ya kusema. Kuamua ni maneno gani yasemwe, na ukimya upewe maana gani, ni uwezo wa yule aliyeianzisha filamu na aliye na sauti ya mwisho juu yake. Lupino alihama kutoka nafasi ya kwanza kwenda ya pili, na Outrage isingekuwepo kama asingehama.

3.4 Usambazaji na anguko

Kwa nini basi kampuni iliyofanya mambo hayo yote haikudumu? Filamu kadhaa za The Filmakers zilitoka kupitia RKO, kampuni iliyokuwa mikononi mwa tajiri Howard Hughes. RKO ilitoa fedha na kusambaza, nayo ikawa na sauti katika mambo mengi na fungu katika mapato. Kuanzia The Bigamist, wenzake Lupino waliamua kuachana na mpango huo na kusambaza filamu zao wenyewe. Lupino hakuafiki, kwa sababu aliona kwamba usambazaji ni biashara nyingine kabisa, yenye ujuzi wake na mtaji wake. Yaliyotokea yalimthibitishia hofu yake. Private Hell 36 (1954), iliyoongozwa na Don Siegel, ilikuwa miongoni mwa kazi za mwisho, na mwaka 1955 kampuni ilikuwa imekwisha.

The Hitch-Hiker, ambayo mwaka 1998 iliingizwa katika hazina ya taifa ya filamu za Marekani, leo haina hakimiliki nchini humo. Yeyote anaweza kuinakili na kuiuza. Hali ni hiyo kwa The Bigamist. Sheria ya zamani ya Marekani ilidai hakimiliki ihuishwe baada ya miaka 28, na kampuni iliyozizaa filamu hizo ilikuwa imekufa zamani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

3.5 Nyota wa nne

Baada ya hapo Lupino alihamia zaidi katika televisheni, akaongoza vipindi vingi sana vya tamthilia za mfululizo. Ni mwanamke pekee aliyeongoza kipindi cha The Twilight Zone ya awali, nacho ni "The Masks" cha mwaka 1964. Mwaka 1966 aliongoza The Trouble with Angels. Alifariki tarehe 3 Agosti 1995.

Lipo jambo moja la miaka hiyo ya televisheni ambalo ni dogo kwa wasimulizi wengi, lakini kwangu ni kubwa. Kuanzia mwaka 1952 kulikuwa na mfululizo ulioitwa Four Star Playhouse, yaani jukwaa la nyota wanne. Watatu kati yao, Dick Powell, Charles Boyer na David Niven, walikuwa na hisa katika kampuni iliyoutengeneza. Wa nne alikuwa Ida Lupino, naye hakuwa na hisa. Mwanamke aliyekuwa na kampuni yake mwenyewe alihesabiwa katika jina la kampuni ya wengine, lakini hakuhesabiwa katika mali.

4.0 Istilahi zetu zinapojaribu kusimulia

Mheshimiwa Mwenyekiti, sasa tuirudie simulizi hii tuikague lugha yake. Nimesema kwamba Lupino "alishiriki kuitayarisha" Not Wanted. Kwa msikilizaji wa Kiswahili kauli hiyo ina maana gani? Je, alitoa fedha? Je, alitafuta waigizaji na kupanga ratiba? Je, filamu ilikuwa mali yake? Neno halijibu. Howard Hughes naye alitoa fedha, lakini hakutayarisha chochote kwa maana ya redio. Powell na wenzake walikuwa na hisa, na Lupino alifanya kazi. Ukisema wote walikuwa "watayarishaji" umekosea. Ukisema hakuna aliyekuwa mtayarishaji ila aliyeshughulika kwa mikono, umekosea pia.

Naona katika neno hilo moja mmejificha mambo matatu. La kwanza ni kuanzisha na kusimamia kazi. La pili ni kuigharimia. La tatu ni kuwa na haki juu yake ikisha kukamilika. Kwa jambo la kwanza neno "mtayarishaji" linafaa kabisa. Kwa la pili tunayo maneno "mgharimiaji" na "mwekezaji". Neno "mfadhili" nalikwepa, kwa kuwa fadhila haitarajii malipo, ilhali Hughes aliyatarajia. Kwa la tatu lugha yetu ina neno jepesi na la kale kuliko yote, nalo ni "mwenye".

Watu wa pwani hawakuhitaji semina ya istilahi ili kutenganisha mambo haya. Katika jahazi yupo nahodha, wapo mabaharia, na yupo mwenye chombo. Nahodha anaweza kuwa ndiye mwenye chombo, na anaweza asiwe. Chombo kikirudi, mapato hugawanywa mafungu, na chombo chenyewe kina fungu lake linalokwenda kwa mwenyewe, hata kama hakuondoka nyumbani. Hakuna baharia asiyejua tofauti hiyo, kwa sababu tumbo lake linaitegemea. Lugha iliyoweza kutenganisha nahodha na mwenye chombo haiwezi kushindwa kutenganisha mtayarishaji na mwenye filamu.

Istilahi nyingine inayohitaji kupimwa ni ile ya filamu zinazotengenezwa nje ya kampuni kubwa. Wengine huziita "filamu huru", na wengine "filamu za kujitegemea". Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, "uhuru" na "kujitegemea" ni dhana mbili ambazo Mtanzania hazichanganyi. Inawezekana kuwa huru bila kujitegemea. Maisha ya Lupino yanathibitisha faida ya tofauti hiyo. Alipokuwa na RKO, The Filmakers ilikuwa huru kwa kiasi kikubwa kuchagua hadithi, lakini haikujitegemea kwa fedha wala kwa soko. Ilipojaribu kujitegemea kwa soko, ilikufa. Maneno haya mawili yanatuwezesha kulieleza jambo hilo kwa usahihi, na ninapendekeza tusiyatumie kama visawe.

5.0 Filamu za Kiswahili

Sasa tuje nyumbani. Baada ya Girlfriend (2003) ya George Tyson, utengenezaji wa filamu za video Dar es Salaam ulikua kwa kasi kubwa. Waigizaji wengi walitoka katika vikundi vya michezo ya kuigiza ya televisheni, na baadhi yao hawakuchelewa kutambua kwamba umaarufu wa uso haulishi nyumba. Blandina Chagula, ambaye watazamaji wanamjua kwa jina la Johari, alitoka katika kikundi cha Kaole, akaungana na Vincent Kigosi, yaani Ray, kuunda kampuni ya RJ. Jina la kampuni limetokana na herufi za kwanza za majina yao ya kisanii. Miaka ya karibuni tumeona pia wanawake wakiingia moja kwa moja katika utayarishaji, kama ndugu wawili Alinda na Angela Ruhinda walioitayarisha Binti (2021), filamu iliyoongozwa na Seko Shamte na kufika Netflix.

Watafiti walioishughulikia enzi ya kanda na diski wameeleza utaratibu uliokuwa umetawala. Mtayarishaji alitengeneza filamu, kisha akaiuza kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, pamoja na haki zote. Baada ya hapo filamu ingeweza kuuzwa nakala nyingi au chache, kurushwa katika televisheni au kuchapwa upya, na mtayarishaji hakuwa na fungu tena. Hata hivyo juu ya jalada jina lake liliendelea kusomeka "mtayarishaji", na umma uliendelea kuamini kwamba filamu ni yake. Neno lilisema kweli kuhusu kazi, lakini lilificha ukweli kuhusu mali.

Jambo hili lina uzito zaidi leo kuliko zamani, kwa sababu mbili. Kwanza, filamu haifi tena diski inapochakaa. Kazi ya miaka 20 iliyopita inaweza kurudi katika simu ya mtu na kuleta mapato, na swali la nani apokee mapato hayo linategemea karatasi iliyotiwa saini zamani. Pili, mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, pamoja na mikataba inayoifuata, haina budi kusomeka kwa Kiswahili. Istilahi ambayo jana ilikuwa mazoea ya jalada, kesho itakuwa neno ambalo hakimu atalitafsiri mbele ya mjane au yatima wa mwigizaji.

6.0 Hoja zinazopinga

Natarajia pingamizi mbili, na zote ni nzito.

Ya kwanza ni kwamba neno la Kiingereza linalolingana na "mtayarishaji" nalo lina utata uleule. Orodha za majina mwishoni mwa filamu za Hollywood zimejaa watu wa cheo hicho ambao hawafanani kwa kazi wala kwa haki. Kwa nini basi tukilaumu Kiswahili? Jibu langu ni kwamba Kiingereza cha sinema kimezungukwa na zaidi ya karne moja ya mikataba, kesi na vyama vya wafanyakazi, na hivyo utata wa neno hurekebishwa na karatasi zinazolizunguka. Sisi karatasi hizo ndiyo kwanza tunaziandika kwa lugha yetu. Hatuna sababu ya kurithi utata pamoja na neno.

Ya pili ni kwamba istilahi haimlishi mtu. Msambazaji mwenye fedha atamshinda mtayarishaji asiye na fedha, liitwe hili au lile. Lupino mwenyewe alizungumza lugha yenye maneno yote, na bado alikuwa nyota wa nne asiye na hisa. Pingamizi hii siwezi kuiondoa yote. Neno halitampa mtu mtaji. Lakini mtu asiye na jina la kile anachokiuza hajui hata kwamba amekiuza. Mwigizaji kijana anayeambiwa "wewe ndiye mtayarishaji" hudhani amepewa filamu, kumbe amepewa kazi. Akiulizwa "nani mwenye filamu?", hata kama jibu litamhuzunisha, atakuwa ameelewa swali kabla ya kutia saini.

7.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, sipendekezi neno "mtayarishaji" litupwe. Limezoeleka, linaeleweka, na linaitaja kazi ngumu kwa heshima inayostahili. Napendekeza mambo matatu. Mosi, kamusi na orodha za istilahi za sinema zilieleze kwa maana ya kazi tu, na ziweke kando yake "mgharimiaji" na "mwenye filamu" kama vidahizo vinavyojitegemea. Pili, wanaotafsiri sheria na kuandaa mikataba ya filamu waepuke kuliacha "mtayarishaji" peke yake pale panapohusu haki, na waseme wazi nani mwenye filamu, kwa muda gani na kwa fungu gani. Tatu, sisi tunaofundisha fasihi na sanaa za maonyesho tuache kuchambua filamu za Kiswahili kana kwamba hadithi na wahusika ndiyo mambo pekee yaliyomo. Hata ukimya wa mhusika una mtu aliyeuamua.

Kwa wanafunzi nina neno moja la ziada. Kazi ya kukusanya mikataba ya zamani ya filamu za Kiswahili, kuhoji walioitia saini, na kuorodhesha maneno yaliyotumika humo, inawasubiri. Walioianza sinema ya video wengi bado wapo na kumbukumbu zao ni hai. Wengine wamekwisha kututangulia na karatasi zao zimo katika masanduku ya familia zao. Tasnifu moja nzuri juu ya lugha ya mikataba hiyo itafaa kwa isimu, na itafaa pia kwa wenye mikataba yenyewe.